Nasaba za Mafundi Nazo Ziandikwe

Katika kitongoji cha Tumba, kusini-magharibi ya mji wa Stockholm, kando ya mto mdogo ambao mgeni aweza kuuvuka asitambue kuwa amevuka mto, Benki Kuu ya Uswidi iliasisi mwaka 1755 kiwanda cha karatasi ya noti. Na kwa kuwa wajuzi wa sanaa hiyo hawakutosha katika nchi, waliletwa kutoka Uholanzi ndugu wawili, Jan na Erasmus Mulder, ili waoneshe namna matambara ya kitani yanavyolowekwa na kutwangwa mpaka yakawa uji, na uji huo unavyochotwa kwa kiunzi chenye wavu wa waya mwembamba, ukatikiswa, ukachujika maji, ukabaki utando ambao ukikauka ndio karatasi, na ndani ya karatasi hiyo, ukiielekeza kwenye mwanga, ndimo inamoonekana alama ya maji inayomtaabisha mghushi. Mimi ni mkaazi wa upande huu wa Stockholm, kama walivyo Waafrika Mashariki kadha wa kadha, na kila nipitapo kwenye majengo yale ya zamani hushangaa kwamba majina ya mafundi wawili wageni, waliokuja kufanya kazi ya mikono zaidi ya miaka 250 iliyopita, yanajulikana, ilhali sisi tuliotoka katika miji ya mawe iliyojaa milango ya nakshi hatuwezi, aghalabu, kumtaja hata fundi mmoja aliyeichonga.

Kujulikana huko hakukutokana na mapenzi kwa mafundi. Sheria ya kanisa ya Uswidi ya mwaka 1686 ilimlazimu padri wa kila mtaa kuweka daftari la waliozaliwa, waliooana na waliokufa, na juu ya hayo azunguke nyumba kwa nyumba akiwatahini watu katika mafundisho ya dini, huku akiandika mbele ya kila jina umri wa mtu, kazi yake, alikotoka, na akihama, aendako. Na maadamu dola nayo ilitaka kujua ni nani wa kutozwa kodi na nani wa kutiwa jeshini, daftari la padri likawa jicho la serikali, hata ulipofika mwaka 1991 kazi hiyo ikaondolewa kanisani ikakabidhiwa Idara ya Kodi, na dola kwa hakika ilikuwa imekwisha kunufaika nayo karne nyingi. Basi leo kilembwe cha mtu aliyekuwa akichota uji wa karatasi hapa Tumba aweza kukaa mbele ya kompyuta yake, akayafungua madaftari ya mtaa wa Botkyrka pasi na kulipa senti, akapanda kutoka mzazi hadi mzazi mpaka akamkuta babu yake akisifiwa, au akilaumiwa, kwa namna alivyoijua katekisimu. (Mtaa huu wa Botkyrka, nalisema hili kando tu, umechukua jina lake kwa Botvid, mfanyabiashara aliyeingia Ukristo huko Uingereza alikokwenda kwa biashara zaidi ya miaka 900 iliyopita, akarejea kwao akahubiri, akauawa, akahesabiwa walii, kwa hiyo hata mahali hapa penyewe pana mchuuzi katika msingi wake.)

Waingereza walianza mapema zaidi, kwani tangu mwaka 1538 waziri wa Mfalme Henry wa nane aliamuru kila kanisa liandike ubatizo, ndoa na maziko, na mwaka 1710 serikali yao ikatoza ushuru juu ya ada ambayo mzazi humlipa fundi ili amchukue mwanawe kumfunza kazi, na kwa ushuru huo, ambao bila shaka uliwachukiza wote waliotozwa, yakapatikana maelfu ya majina ya waashi, wahunzi, maseremala, washoni na watengenezaji viatu, kila mmoja pamoja na mwanafunzi wake. Ndiyo maana Mwingereza wa kawaida, ambaye hakuna lodi wala mfalme katika ukoo wake, hufurahi kukuambia kuwa babu wa babu yake alikuwa fundi wa mapipa katika mji fulani, na aliyemtangulia vivyo hivyo, na hana haya ya kulitaja pipa.

Nimechagua nasaba moja ya Kiingereza nieleze kwayo ninalolikusudia, nayo ni ya mafundi wa karatasi, wenzao wa hawa wa Tumba kwa kazi ingawa si kwa damu, na nimeichagua kwa sababu mkia wake umefika kwetu, Unguja na Uganda, wala hatukujua kuwa ni mkia wa kitu gani. Ukoo huo ni wa Portal.

Aliyeuasisi kwa upande wa Uingereza ni Henri Portal, Mprotestanti wa Ufaransa, aliyehama utotoni katika zama ambazo Mfalme Louis wa kumi na nne alibatilisha, mwaka 1685, amri iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu. Watu wa ukoo wake husimulia kuwa alitoroshwa ndani ya pipa la mvinyo, akapakiwa melini, akashushwa pwani ya Southampton. Na mwandishi Samuel Smiles, aliyekuwa na mapenzi makubwa kwa kila aliyepanda kutoka chini, alikitia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1867 juu ya wakimbizi hao. Yawezekana kuwa ni kweli. Lakini nimekisikia kisa cha jamaa yake mara nyingi mno kwetu nisikitilie shaka kidogo: Kilwa nayo inasimulia jahazi saba zilizotoka Shirazi zikiwa na mfalme na wanawe, kila mmoja akashukia bandari yake, na hakuna ukoo wa pwani wenye heshima uliokosa jahazi lake. Watu wote hupenda mwanzo wenye hatari baharini na utukufu nyuma yake, na akina Portal nao walipokwisha tajirika walijitafutia mabwana wa kale huko Languedoc wa kuwanasibisha nao. Mimi napenda zaidi yale yaliyoandikwa na makarani wasiokuwa na mapenzi na mtu.

Na makarani wanasema hivi. Henri alijifunza kazi katika kinu cha karatasi cha South Stoneham, karibu na Southampton, kilichokuwa mikononi mwa wakimbizi wenzake. Mwaka 1711 akapewa uraia. Baadaye kidogo akakodi kinu karibu na Whitchurch katika jimbo la Hampshire, kwenye mto Test, ambao maji yake hupita katika ardhi ya chaki yakawa meupe pasi na tope, sifa ambayo mtengeneza karatasi huithamini kama mpishi anavyothamini kisima kitamu. Kisha akahamia Laverstoke, mwendo mfupi kutoka hapo. Mwaka 1724 alipewa kazi ya kutengeneza karatasi ya noti za Benki ya Uingereza, na waandishi wa tarikhi hawafichi kuwa aliyemfungulia mlango ni jirani yake William Heathcote, ambaye ami yake, Sir Gilbert Heathcote, ndiye aliyekuwa gavana wa benki hiyo wakati ule. Ustadi alikuwa nao, hapana shaka. Lakini wastadi walikuwa wengi, na jirani mwenye ami gavana ni mmoja. Nalitaja hili ili msomaji asidhani kuwa kujuana ni uvumbuzi wa ofisi za Dar es Salaam au Nairobi.

Kazi ile ilikaa katika ukoo zaidi ya miaka 200. Henri alimzaa Joseph, aliyekiendesha kinu na kuununua upya utukufu uliosemekana kupotea Ufaransa kwa kununua shamba la Laverstoke lenyewe. Joseph akamzaa John. John akawazaa Melville na Wyndham, na hapo ndipo nasaba ilipogawanyika njia mbili, kwani Wyndham alishika kinu na mwaka 1901 akatunukiwa cheo cha kurithishwa, ilhali Melville aliingia Bunge, akaoa binti wa Lodi wa Minto, akaishi maisha ya bwana wa mashamba. Njiani walipata maadui pia: William Cobbett, aliyezunguka mashamba ya Uingereza kwa farasi katika miaka ya 1820 akiandika aonayo, alipolipita bonde lile alilitolea maneno makali, kwa kuwa aliamini kuwa karatasi ile nyeupe ndiyo iliyowafukarisha wakulima, na kwa kweli wako maskini wengi waliopelekwa kwenye kitanzi kwa kughushi noti za karatasi kama ile, adhabu ambayo haikuondoshwa mpaka zama za kinu zilipokwisha kupita karne moja.

Mwana wa Melville, kilembwe cha yule aliyetoka ndani ya pipa, ni Gerald Herbert Portal, aliyezaliwa mwaka 1858. Msomaji wa Unguja au wa Uganda hapa atalitambua jina. Huyu ndiye aliyeshika ubalozi wa Uingereza Unguja mwaka 1891, katika enzi ya Sayyid Ali bin Said, akaipanga upya hazina ya nchi, akamwekea Sultani kiasi maalumu cha matumizi yake, akamfanya Mwingereza Lloyd Mathews kuwa Waziri wa Kwanza, na kwa tendo hilo mamlaka ya Sultani juu ya fedha za milki yake yakawa ya jina tu. Tarehe 1 Januari 1893 alitoka Unguja na msafara kwenda Uganda kuichunguza na kuishauri serikali yake iwapo iitwae au iiache. Tarehe 1 Aprili aliishusha huko Kampala bendera ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akapandisha ya taifa lake. Ndugu yake, Kapteni Raymond Portal, alifariki kwa homa humo Uganda mwezi Mei wa mwaka huohuo. Gerald mwenyewe alirejea London, akafa Januari 1894 hali ana miaka 35, na mwaka huo Uganda ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Huko Toro, chini ya Milima ya Rwenzori, ngome moja ilipewa jina lake, na mji uliokua kuizunguka, uliofanywa jiji mwaka 2020, ungali unaitwa Fort Portal.

Sasa nauliza: ni wangapi miongoni mwa wakaazi wa Fort Portal waliowahi kuambiwa kuwa jina la mji wao lilitoka kwa watwangaji wa matambara? Vitabu vya shule hutuambia balozi, hutuambia kamishna, hutuambia Sir. Havitwambii kuwa ubalozi ule, na ile elimu ya shule ya Eton iliyoutangulia, vilisimama juu ya vizazi vinne vya uji wa kitani na maji ya mto Test. Na hapa nina lawama kwa ukoo wenyewe, kwa kuwa ndivyo nasaba za mafundi zinavyopotea hata kule zinakoandikwa: kizazi cha kwanza hufanya kazi kwa mikono, cha pili hufanyiza, cha tatu humiliki, cha nne huona haya, na cha tano hupelekwa ng'ambo kutawala watu ambao hawatajua kamwe kuwa mtawala wao ni mjukuu wa fundi. Lau tungalijua, sidhani kama tungalimwogopa kwa kiasi kile.

Wala nisisahau wale ambao ukoo huo uliwaajiri. Mtu aliyesimama mbele ya pipa la uji, kiunzi mkononi, akiinama na kuinuka tangu alfajiri, na mwenzake aliyeipokea karatasi mbichi akailaza juu ya kitambaa cha sufu, hao ndio waliokuwa na ujuzi mwilini; na katika sensa za Kiingereza, ambazo tangu mwaka 1841 zimetaja watu kwa majina na kazi zao, wapo, baba na mwana na mjukuu, kijiji kimoja, kazi moja. Hakuna mji uliopewa jina lao. Lakini mzawa wao akitaka kuwajua atawakuta, na tofauti baina yake na mimi ni hiyo tu.

Mali ilikwenda kama mali iendavyo. Kampuni ya Portal ilinunuliwa mwaka 1995 na De La Rue, wachapaji ambao jina lao limesomwa na kila mtu aliyewahi kuichunguza noti ya zamani ya Afrika Mashariki, na ambao nao walianza na fundi mmoja, Thomas de la Rue wa kisiwa cha Guernsey; katika majengo ya Laverstoke siku hizi hutengenezwa pombe kali, na sina la kuongeza juu ya hilo. Hapa Tumba, Benki Kuu ya Uswidi iliuza kiwanda chake mwanzoni mwa karne hii kwa Crane, ukoo mwingine wa mafundi wa karatasi, wa asili ya Kiingereza, uliokuwa Massachusetts tangu zama za ukoloni, ambao mzee wao Zenas Crane alijenga kinu huko Dalton mwaka 1801 na ambao kuanzia mwaka 1879 ndio walioipa Marekani karatasi ya dola. Mwaka 2018 kampuni hiyo ya noti ilinunuliwa na kampuni nyingine iitwayo pia Crane, ya ukoo mwingine kabisa usiohusiana nao, jambo ambalo litampa kazi mwandishi wa nasaba miaka 100 ijayo. Na noti za Tanzania zilizoanza kutumika Januari 2011, zile zenye sura ya Mwalimu Nyerere na ya Mzee Karume, zilitengenezwa na Crane hawahawa wa Uswidi. Kwa hiyo wako wauza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, waliokunja kiunoni mwao kazi ya mikono ya Tumba pasi na kuijua.

Turudi kwetu. Si kweli kwamba Waswahili hawakuandika nasaba; huenda ni watu wachache duniani waliozishughulikia kama sisi. Masharifu wanayo silsila yao hadi kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, imeandikwa, imehifadhiwa sandukuni, na husomwa wakati wa posa. Watawala wa Kilwa na wa Pate wana tarikhi zao. Mwenye nyumba ya mawe alitia jina lake na mwaka wa Hijra katika kizingiti cha mlango wake, juu ya maua na minyororo iliyochongwa, na huwezi kumlaumu kwani ndiye aliyelipa. Lakini aliyekaa miezi na patasi mbele ya mbao ile ya msaji hakutia hata herufi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, mji uliosifika kwa wafumaji, wachongaji, washoni wa ngozi na wanakili wa misahafu, ndio pekee unipao faraja kidogo, kwa kuwa mwandishi wa msahafu, akiisha kuandika juu ya karatasi iliyotoka Italia ikiwa na alama ya maji ya hilali tatu, alikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni na kuomba dua. Mnakili alijua kuandika. Ndiyo maana tunalo jina lake. Seremala, mwashi, mhunzi na yule Mbajuni aliyeishona mitepe kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, hao waliachia kazi yao iwasemee, nayo kazi haijui kusema jina.

Nimeambiwa na watu ninaowastahi kuwa nataka kuleta mambo ya Kizungu, ya kupenda kujua babu alikuwa na duka gani. Hoja hiyo siikubali, kwa kuwa mtu yuleyule anayenambia hivyo hunitajia babu zake saba bila kupumua, mradi mmoja wao awe kadhi. Asemalo kwa hakika ni kwamba kadhi ni wa kutajwa na fundi si wa kutajwa. Na chini ya neno hilo kuna jambo zito zaidi ambalo ni afadhali lisemwe waziwazi gazetini kuliko kunong'onwa barazani, nalo ni kwamba wengi katika mafundi wa miji yetu walikuwa watumwa, au wana wa watumwa, ambao bwana aliwafunza kazi kisha akawatoa kwa ujira, jioni wakarudi wakamkabidhi sehemu yake katika malipo ya mchana kutwa. Na alipokuja Sultani wa Unguja kuondoa hali ya utumwa kisheria mwaka 1897, na pwani ya Kenya ikafuata mwaka 1907, wengi wao walijichukulia majina mapya na nisba mpya, wakawazuia wana wao kuuliza. Mjukuu leo akiifuata patasi ya babu yake anaogopa itamfikisha mlangoni kwa bwana. Naielewa hofu hiyo, na sitamlaumu anayechagua kunyamaza.

Lakini wako wasiochagua kunyamaza, nao hawajaoneshwa pa kuanzia, ilhali pa kuanzia papo. Katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, kuna kumbukumbu za kuachiwa huru kwa watumwa, zenye majina yao na ya waliokuwa mabwana zao. Kuna hati za wakfu ambamo msikiti na nyumba zimeelezwa. Kuna mashauri ya makadhi yaliyowataja watu wa kazi kwa kazi zao walipodaiana ujira au kugombea mirathi ya shoka na misumeno. Karani aliyeandika haya hakuwa na mapenzi na mtu, kama yule padri wa Botkyrka na yule mtoza ushuru wa Kiingereza, na kwa sababu hiyohiyo ni wa kuaminiwa. Kazi inayotakiwa ni ya vijana wawili watatu wenye kusoma hati za Kiarabu, ambao chuo kikuu kimoja cha nchi zetu kitawalipa mshahara wa miaka michache, watoe katika madaftari hayo kila jina lenye kazi ya mikono mbele yake, walipange kwa mtaa na kwa sanaa, kisha waende katika mitaa ya Malindi, Mkunazini, Langoni na Mkomani kwa wazee wa karakana ambao wangali hai, wawasomee majina hayo taratibu, wawaulize ni yupi wanayemtambua. Na mzee atakayesema kuwa fulani ni wake lakini hataki aandikwe, kalamu iwekwe chini, jina liachwe lilipo.